Njumu za Mtumba na Woga wa Uwanjani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji wa Jioni wa Mtwara na Lindi

Maswali haya yamekusanywa pembezoni mwa uwanja, kwa watu wazima wanaocheza mpira jioni baada ya kazi: madereva wa bodaboda, walimu, wauza samaki, makarani wa maghala ya korosho na wengineo ambao hawatafuti kusajiliwa na timu yoyote. Mengine yanahusu vifaa, hasa vya mtumba, na mengine yanahusu woga. Nimeyaweka pamoja kwa sababu nimeona kwamba hutoka kwa mtu yuleyule: anayeuliza kuhusu njumu mara nyingi ana jambo jingine analoona haya kuliuliza. Kila swali limepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Kabla ya kununua chochote

1. Je, ni lazima niwe na njumu ndipo nianze mazoezi?

Hapana. Viwanja vingi tunavyochezea jioni, iwe Mikindani, Mtwara mjini au Mingoyo kwa upande wa Lindi, ni vya mchanga au vya udongo ulioshikana, na raba ya kawaida yenye soli isiyoteleza inatosha kwa wiki tatu au nne za mwanzo. Naona hata ni heri usinunue mapema, kwa sababu bado hujajua uwanja wenu una tabia gani wala utacheza nafasi ipi, na mtu anayenunua kabla ya kuyajua hayo hununua rangi.

Kucheza peku ni suala jingine. Waliokulia kwenye chandimu wana mguso laini ambao sisi wengine tunauonea wivu, lakini pale ambapo baadhi ya wachezaji wamevaa njumu, vidole vilivyo wazi ndivyo vinavyolipa. Wenzako wote wakiwa peku, vua nawe. Akiwepo hata mmoja mwenye njumu, vaa kiatu.

2. Nina fedha kidogo. Ninunue nini kwanza?

Viatu, kisha kinga za ugoko, kisha soksi ndefu. Jezi ije mwisho, ingawa najua wengi huanza nayo. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inataja vifaa vitano vya lazima, yaani jezi yenye mikono, bukta, soksi, kinga za ugoko na viatu, na katika bonanza lenye refa makini utatolewa nje kwa kukosa kinga kabla hujatolewa kwa kosa lolote la uchezaji. Maji hubebwa kutoka nyumbani kwa chupa yoyote ya lita moja na nusu.

3. Nina miaka 38 na sijagusa mpira tangu shule. Je, nimechelewa?

Kwa kucheza ligi, ndiyo. Kwa kucheza jioni na kurudi nyumbani ukiwa na furaha, hapana. Pumzi hurudi ndani ya wiki chache, ila kano na misuli huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo watu wazima wanapoumia: pumzi inawaruhusu kukimbia wakati mguu bado haujaruhusu. Mwezi wa kwanza cheza mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana, na utoke uwanjani ukiwa bado unatamani kuendelea.

Kupasha misuli moto si mapambo. Upo mpango wa mazoezi wa FIFA uitwao 11+, wenye mazoezi 15 yanayochukua kama dakika 20, ya kukimbia, ya nguvu na ya kusimama kwa mizani, ambao ulitengenezwa mahsusi kupunguza majeraha, wala hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na mwenzako mmoja. Mtu anayeshuka kwenye bodaboda na kuingia uwanjani moja kwa moja huwa tunamwona wiki inayofuata ameshika nyama za nyuma ya paja.

## Viatu vya mtumba

4. Herufi FG, SG, AG, TF na IC zina maana gani, na zipi zinafaa viwanja vyetu?

Ni herufi za aina ya uwanja ambao kiatu kilitengenezewa, na mara nyingi huandikwa mwishoni mwa jina la kiatu, kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi. FG ni kwa nyasi za asili kwenye ardhi ngumu kiasi, nayo huwa na meno ya plastiki ngumu. SG ni kwa ardhi laini iliyoloa, na meno yake, ambayo kwa kawaida huwa sita, ni ya chuma au yana ncha za chuma. AG ni kwa nyasi bandia na ina meno mengi mafupi. TF ina vijino vidogo vingi vya mpira, kama soli iliyoota vipele. IC, ambayo kampuni nyingine huandika IN, ni soli bapa ya kuchezea ndani ya ukumbi.

Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki uwanja hukauka hadi ukagonga kama sakafu. Kwa hiyo kiatu kinachofaa zaidi kwa mtu mwenye uwezo wa kununua pea moja tu ni TF. Kinashika vizuri kwenye udongo mgumu, hakichomi nyayo, na hakimuumizi mpinzani. FG yenye meno mafupi ya mviringo inafaa kwenye mchanga wenye kina au nyasi zinapoota masika. AG inatumika bila shida kwenye udongo mkavu. IC huteleza kwenye vumbi, labda uwe na uwanja wa saruji.

SG usiinunue, hata ukipewa kwa bei ya kandambili. Nasema hivi nikiwa mhanga: pea yangu ya kwanza ilikuwa SG, nyekundu, inang'aa, meno sita ya alumini. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni "za kimataifa", na hakudanganya, maana huko kwenye matope ya Ulaya zina kazi yake. Mimi nilizivaa mwezi wa Agosti. Nilisikia kila hatua ikigonga kama mtu anayetembea juu ya vigae kwa viatu vya misumari, na baada ya dakika 20 nyayo zilikuwa zinawaka. Nilipogeuka ghafla kumfuata winga, jino moja lilikwama, mguu ukabaki na mwili ukaenda. Goti lilinikalisha nje wiki sita. Kwa miezi kadhaa baadaye niliogopa kugeuka, na nikadhani woga ule ulikuwa wangu, kumbe ulikuwa wa viatu.

5. Lebo ina namba nne tofauti. Ipi ni yangu?

Soma ile ya sentimita, iliyoandikwa CM au JP. Hiyo inahusu urefu wa mguu, ilhali namba za US, UK na EU hutegemea kampuni. UK 8 ya adidas huandikwa EU 42, na UK 8 ya Nike huandikwa EU 42.5. Ndiyo maana mtu anayesema "mimi navaa 42" hununua viatu viwili vya namba hiyo na kimoja kikambana.

Pima mguu wako jioni, wakati umevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi ya mpira. Weka karatasi sakafuni, ibane kwenye ukuta, simama kisigino kikigusa ukuta, na mwenzako achore mstari mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili na uchukue ule mrefu. Sokoni, kama kiatu kina kitandiko kinachotoka, kitoe na ukanyage juu yake: kidole kirefu kikiacha nafasi ya upana wa nusu kidole mbele, namba ni yako.

6. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Usianze na sehemu ya juu, kwa sababu muuzaji ameshaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Geuza kiatu. Tazama meno yaliyo chini ya kidole gumba na yale ya nje ya kisigino, maana hayo ndiyo huliwa kwanza. Yakiwa yamelika upande mmoja, mguu wako utakuwa unalala upande huo tangu siku ya kwanza. Kisha kunja kiatu mahali vidole vinapokunjika, si katikati. Soli ikijikunja katikati, uti wake umevunjika ndani. Ukisikia mlio wa kukatika, au ukiona mstari mweupe kwenye plastiki, irudishe.

Kwa viatu vya TF na raba zenye soli nene, bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba. Baadhi ya soli hutengenezwa kwa polyurethani, ambayo unyevu huivunja polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu kimekaa miaka kwenye stoo ya mtu ughaibuni, kikasafiri ndani ya belo, kikafika kikiwa kama kipya. Ukikibonyeza, kinatoa unga, au kucha inaacha shimo lisilorudi. Kiatu cha namna hiyo hakishonwi wala hakigundishwi. Kitamalizika siku ya pili ya mazoezi, tena chote kwa mara moja.

Baada ya hapo ingiza mkono ndani. Pitisha kidole nyuma ya kisigino ukitafuta kitambaa kilichotoboka, kwa sababu tundu dogo la pale hukata ngozi kuliko tatizo lingine lolote. Vuta ulimi. Kagua matundu ya kamba. Nusa: harufu ya jasho huondoka, ila harufu ya ukungu wa muda mrefu hurudi kila ukivaa. Mwisho soma lebo za viatu vyote viwili, kushoto na kulia, kwa sababu belo likifunguliwa pea hutengana, na wako wanaozioanisha kwa rangi tu (tazama swali la 21).

Vaa vyote viwili, simama, piga hatua za kando. Muuzaji anayekukataza kuvaa kiatu cha pili anajua jambo ambalo wewe hulijui.

7. Siku gani nzuri ya kwenda kutafuta?

Siku belo linapofunguliwa utapata chaguo zuri na bei kubwa. Siku tatu baadaye utapata bei nzuri na chaguo dogo. Mimi huchagua siku ya pili, asubuhi. Kuhusu msimu, miezi kabla ya mauzo ya korosho wauzaji husikiliza zaidi. Minada ikianza, kuanzia Oktoba, hela huonekana mtaani na hakuna anayekubembeleza. Jenga urafiki na muuzaji mmoja, mwachie namba ya simu na urefu wa mguu wako kwa sentimita, naye atakupigia. Neno "machinga" lenyewe linahusishwa na Wamachinga wa Lindi, kwa hiyo biashara hii ina wenyewe na wanajua kutunza mteja anayerudi.

8. Ngozi au sintetiki?

Ngozi hufuata umbo la mguu na hutanuka kidogo, lakini hunywa maji, hukakamaa ikikaushwa juani, na huchukia chumvi ya bahari. Sintetiki haitanuki kwa kiasi cha kutegemewa, hukauka haraka, na kwa mazingira ya pwani inavumilia zaidi. Kama una mguu mpana, na wengi wetu tuliokua tukitembea peku tunao, tafuta ngozi na uikubali kazi ya kuitunza.

9. Muuzaji amesema vinabana lakini vitalegea. Nimwamini?

Kwa ngozi inayobana ubavuni, mwamini nusu. Kwa kiatu chochote kinachogusa vidole kwa mbele, usimwamini kabisa, kwa sababu urefu hauongezeki. Kucha nyeusi ya kidole gumba huchukua miezi kutoka.

## Vifaa vingine vinavyopatikana kwenye mafungu

10. Kinga za ugoko za mtumba zinafaa?

Zinafaa kuliko zote unazoweza kununua kwa fedha ileile, kwa sababu plastiki haina mengi ya kuharibika. Tafuta ambayo haina ufa, ambayo sifongo ya nyuma bado inarudi ukiibonyeza, na inayofunika kuanzia juu kidogo ya kifundo hadi vidole viwili au vitatu chini ya goti. Sheria inataka zifunikwe na soksi, na mchezaji mwenyewe ndiye anayewajibika kwa ukubwa na ufaafu wake. Kipande cha boksi la sabuni kilichokunjwa, ambacho tumekiona mara nyingi, si kinga. Osha kwa sabuni, kausha, basi.

Kwa mtu anayeogopa kugombea mpira, kinga hizi zina kazi ya pili ambayo nimeieleza kwenye swali la 15.

11. Na glovu za kipa?

Hapa uwe na mashaka. Sehemu inayoshika mpira ni sifongo ya lateksi, ambayo hukauka, hukatika na kupoteza mnato kwa umri na jua. Bonyeza kiganja cha glovu kwenye kiganja chako kilicholowana kidogo: ikinata hata kwa sekunde moja, bado ina uhai. Ikiwa imekakamaa na ina ngozi inayong'aa, itakusaidia kuzuia michubuko tu. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, zikamue kwa kubonyeza bila kuzisokota, zikauke kivulini, na uziloweshe kidogo kabla ya mchezo.

12. Mpira wa mtumba?

Mpira wa watu wazima ni saizi 5, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Pima mzingo kwa uzi, kwa sababu saizi 4 ya watoto ikijazwa sana hudanganya macho. Ujaze, uweke sikio kwenye tundu la upepo, kisha uuache usiku kucha kabla ya kulipa, kama mwenye mali atakubali. Ukizungushwa juu ukayumba kama yai, umeshakufa kwa ndani.

13. Soksi na nguo za ndani?

Nunua mpya. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, imepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani za mtumba, na sababu ya kiafya iliyo nyuma ya katazo hilo inatosha kukufanya uwe na tahadhari hiyohiyo kwa soksi.

14. Nimekuta kinga kubwa zenye kikombe cha goti, na viatu vyenye bapa la chuma chini. Ni za mchezo gani?

Ni za hoki ya barafu. Wachezaji huteleza juu ya barafu kwa viatu hivyo vya chuma, wakigombea kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu zipatazo 170, ambacho kikipigwa vizuri huenda kasi kuliko gari lolote la barabara ya Mtwara kwenda Lindi. Kinga zao zimetengenezwa kwa pigo la namna hiyo: nene, ndefu, zinazofunika goti zima.

Kwa mpira wa miguu hazifai, kwa sababu haziingii ndani ya soksi na zinazuia goti kukunjika wakati wa kukimbia. Viatu vile navyo havigeuzwi njumu. Kishikizi cha lile bapa la chuma kimepigiliwa ribiti kwenye soli, na fundi mmoja niliyemwomba ajaribu aliniuliza kwa upole kama nilikuwa mzima.

## Woga, haya na kujiamini

15. Naogopa mpira ukija kwa kasi, na naogopa kugombea. Nifanyeje?

Tenganisha hofu mbili hizo. Hofu ya mpira wenyewe huisha kwa marudio ya karibu. Simameni wawili, hatua tano kati yenu, mpeane mpira kwa upande wa ndani wa mguu kwa dakika kumi, kila siku ya mazoezi, kisha muongeze kasi kidogo kila wiki. Usiusubiri mpira ukiwa umesimama wima kama mlingoti. Kunja magoti kidogo, geuza ubavu, na mguu unaopokea urudi nyuma kidogo mpira unapougusa, kama unavyopokea yai ulilorushiwa. Ukikosa mwenzako, tumia ukuta, ila omba ruhusa kwa mwenye nyumba. Ukuta una faida kwamba haukucheki.

Hofu ya kugombea ni hofu ya kuumia, nayo ina msingi. Hapo ndipo vifaa vinaposema: mtu aliyevaa kinga nzuri na kiatu kisichoteleza anaingia kwa uzito wake wote, na anayeingia kwa uzito wake wote huumia mara chache kuliko anayeingia nusu nusu, maana mguu uliolegea ndio unaopinduliwa. Mwombe mwenzako mgombee mpira uliosimama katikati yenu, mkianza kutembea, kisha mkikimbia polepole. Mara ishirini zinatosha kukuonyesha kwamba sauti ya kinga kugongana ni kubwa kuliko maumivu yake.

16. Nikipigwa tobo, yaani mpira ukipitishwa katikati ya miguu yangu, watu wanapiga kelele uwanja mzima. Naona aibu kurudi.

Kelele hizo ni sehemu ya mpira wa mtaani, na hata anayezipiga amepigwa tobo wiki iliyopita. Tazama mabeki wanaosifiwa pale uwanjani kwenu: hawafuati aibu, wanageuka na kukimbia. Jambo la kufanya ni dogo. Baada ya kupigwa tobo, hesabu hatua tatu za kukimbia kurudi kwenye nafasi yako kabla ya kutazama uso wa mtu yeyote. Ukifika, mchezo umeshahama na kelele zimehamia kwa mwingine.

Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya utani na kudharauliwa. Kama kundi lina mtu mmoja anayekutukana kila siku na hakuna anayemkemea, tafuta kundi jingine. Viwanja ni vingi.

17. Hawanipi pasi. Je, nizungumze au ninyamaze?

Zungumza, lakini kwanza jiulize kama unaonekana. Mchezaji mgeni husimama nyuma ya mpinzani akisubiri kukumbukwa. Toka kwenye kivuli cha beki, onyesha mkono, ita kwa jina: "Kaka Hamisi, nyuma yako!" hufika kuliko "Oyaa!" Ukipata mpira, utoe haraka na kwa usahihi, hata kama ni pasi ya hatua nne kwenda nyuma. Baada ya pasi tano za namna hiyo utaanza kutafutwa, kwa sababu kila kundi la jioni lina wapiga chenga wengi na halina watu wa kuaminika.

Siku ya kwanza kabisa, usiingie uwanjani kimya. Mtafute kapteni au mkubwa wa kundi kabla ya mazoezi, msalimie, na umwambie wazi: "Shikamoo kaka, mimi ni mgeni, sijacheza muda mrefu, naomba kufanya mazoezi nanyi." Anayejitambulisha kuwa mwanagenzi husamehewa makosa ambayo mjuaji hasamehewi.

18. Mazoezini nacheza vizuri, siku ya bonanza naganda. Kwa nini?

Kwa sababu siku ya bonanza unabadilisha vitu vingi kwa pamoja: jezi mpya, watazamaji, nafasi nyingine na, kosa la kawaida kuliko yote, viatu vipya. Usivae kiatu kwenye mechi kabla hujafanya nacho mazoezi matatu. Fika nusu saa mapema, uguse mpira mara nyingi kabla ya filimbi, na uchague kazi moja ndogo ya dakika tano za mwanzo, kwa mfano kutomruhusu winga wao apokee mpira akiwa ametazama goli lako. Kazi inayoonekana huondoa macho yako kwa watazamaji. Pumua nje polepole kuliko unavyovuta ndani. Mikono itaacha kutetemeka kabla ya moyo kutulia, na hiyo inatosha kuanza.

Hata wachezaji waliokanyaga viwanja vya Nangwanda Sijaona au Ilulu wamesimama kwenye mlango wa kuingilia wakiwa na tumbo lililojikunja. Tumbo hilo si dalili ya kutofaa.

19. Mimi ni mwanamke, nimecheza netiboli tu, na ninavaa hijabu. Naanzia wapi?

Unaanzia mbele ya wengi. Netiboli imekufundisha kuachana na mpinzani, kusimama ghafla bila kuanguka na kusoma nafasi tupu, mambo ambayo wanaume wa rika lako wanayajifunza kwa shida. Kinachokosekana ni mguso wa mguu, na huo hupatikana kwa zoezi la swali la 15.

Kufunika kichwa kumeruhusiwa kisheria tangu 2014, ilimradi kitambaa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kisishonwe kwenye jezi na kisiwe na sehemu inayochomoza. Pini ziache nyumbani; hereni na mikufu pia, hata ukizifunika kwa plasta. Kuhusu viatu, namba za US za wanawake ni tofauti na za wanaume, hivyo fuata sentimita kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5, na usione haya kununua njumu za vijana, ambazo mara nyingi ndizo zinazokaa.

## Utunzaji na hali za pekee

20. Nisafishe vipi viatu vya mtumba, na je, fundi anaweza kuokoa vilivyoachia?

Kabla ya kuvivaa mara ya kwanza, toa vitandiko na kamba, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na usugue ndani ya kiatu kwa mswaki wa zamani. Fangasi wa vidoleni hupenda kiatu chenye unyevu, na hewa ya pwani yetu haina haraka ya kukausha kitu, kwa hiyo jaza magazeti ndani na uyabadilishe jioni na asubuhi. Kausha kivulini penye upepo. Jua la saa sita hulegeza gundi na kukausha ngozi. Ukicheza ufukweni maji yanapokupwa, suuza kiatu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Soli iliyoachia mbele huokolewa vizuri ikigundishwa kisha ikashonwa kwa uzi wa nailoni kuzunguka. Mwambie fundi apitishe uzi ndani ya mfereji wa soli, usiburuzike ardhini. Uti uliovunjika, meno yaliyokatika na soli inayotoa unga, usimpe fundi hela yako.

21. Nimepata pea nzuri, lakini kushoto ni 42 na kulia ni 42.5. Niziache?

Kwa kawaida, ndiyo. Lakini rudi kwenye karatasi uliyochora kwa kufuata swali la 5, kwa sababu watu wengi wana mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, nao hununua namba ya mguu mkubwa na kujaza kile kingine kwa soksi mbili. Mguu wangu wa kulia, ule wenye goti nililoeleza kwenye swali la 4, ni mrefu kwa nusu sentimita. Miaka miwili iliyopita nilikuta TF nyeusi zilizooanishwa kimakosa kwa namna hiyohiyo, muuzaji akaona nimezitambua, akanipunguzia kwa aibu bila mimi kuomba. Ndizo ninazochezea mpaka sasa, na hazijawahi kunichubua.